Jina Langu Chini ya Jiwe la Mong'ina

Jumanne, 16 Septemba 2025

Leo darasa zima la sanaa tumetembezwa mjini. Mwalimu Okoth, lekchara wetu, alisema tuvae viatu vya kutembea, na hakutania. Tumeanzia chumba cha makumbusho cha chuo: vibuyu, ngao, kigoda cha miguu mitatu, obokano, kinubi chetu, iliyokatika nyuzi mbili. Makori, ninayesoma naye, akataka kuipiga, mlinzi akamkemea mbele ya wasichana. Halafu tukapanda — mji huu ni kupanda tu! — hadi lile jumba jipya la sanaa, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa.

Hapo ndipo nilipoiona. Katikati ya chumba, peke yake juu ya meza nyeupe, taa imeelekezwa kwake. Mwanamke ameinama juu ya beseni, anasugua jiwe. Uso hauonekani. Ni mgongo tu, na mikono. Chini yake kadi: SUBIRA. Ondieki Osoro, mwaka wa tatu.

Sikujua itawekwa pale. Mwalimu alikuwa amesema tu "tutaona". Wenzangu wakapiga makofi. Makori akanigonga bega: "Msee, umeua! Hii si mkono ya mwanafunzi!" Nikacheka. Nikasema asante. Nimesema asante mara tisa leo.

Sanamu ile si yangu.

Jumatano, 17 Septemba

Niandike basi. Hapa hakuna anayesoma.

Aliichonga Mong'ina, dada yangu anayenifuata. Kwetu Tabaka, kijiji cha wachongaji, wanaume wanachonga mawe laini ya sabuni, wanawake wanayasugua. Ndivyo ilivyo kutoka nyumba ya kwanza ya kilima hadi ya mwisho. Tata — hivyo ndivyo tunavyomwita baba — ameshika kisu tangu kabla sijazaliwa. Mama na Mong'ina wanakaa kwenye mabeseni na msasa, vidole vimekunjamana kwa maji. Tata husema mkono wa mwanamke ni wa maji. Hasemi kwa ubaya. Anasema kama mtu anayesema mvua itanyesha saa nane.

Mong'ina alichonga kwa siri, nyuma ya boma, siku ambazo Tata alipeleka mzigo mjini. Ilimchukua miezi minne. Agosti, nikiwa likizo, aliniita akafunua gunia. Nilipiga magoti kuitazama. Mimi, niliyefundishwa kuchonga toka darasa la nne, ambaye viboko vyangu vya mawe, wale wanyama wa mtoni, hadi leo vinafanana na viazi vitamu! Aliipa jina Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ya kusugua mzigo mkubwa. Akaniambia, "Peleka kwa hao walimu wako waone. Usiseme ni ya nani. Uniambie tu wanasema aje."

Usiseme ni ya nani. Nimejificha nyuma ya maneno hayo kama mtu anayejificha nyuma ya mti wa mkaratusi. Anaonekana pande zote mbili.

Kwa sababu siku ya kukabidhi kazi, kiboko changu kilivunjika shingo. Nikaweka ya Mong'ina mezani ili Mwalimu aitazame, aseme chochote, nipeleke jibu nyumbani. Aliizunguka mara tatu. "Ondieki, hii ni yako?" Sikusema ndiyo. Naapa sikusema. Niliinamisha kichwa, naye akadhani ni unyenyekevu. Akauliza inaitwaje. Nikasema Subira, neno la kwanza lililonijia mdomoni.

Ijumaa, 19 Septemba

Mong'ina amepiga simu. "Waliona?" Nikasema waliona. "Wakasema aje?" Nikasema wana kazi nyingi, hawajasema. Nilisikia maji yakimwagwa huko nyuma yake, na Mama akiita.

"Hata kama wangesema ni mbaya," akasema. "Si ningejua tu."

Nikamwambia salio linaisha. Yeye ndiye aliyepiga!

Jumapili, 21 Septemba

Nimerudi galari, lile jumba la sanaa, peke yangu. Naenda kama mtu anayemtembelea mgonjwa aliyemgonga mwenyewe. Nakaa kwenye benchi, naitazama, naona aibu, naondoka. Leo ni mara ya tatu.

Dada Syprose, msimamizi, mtu wa Homa Bay mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, amenitania. "Ondieki, wewe unakuja kuangalia mtoto wako kila siku? Hakuna mtu atamwiba!" Kisha akakaa karibu nami na kunipa habari. Wamepata nafasi. Miezi sita kwenye karakana ya nyuma, na mawe, na chumba cha kulala, na mabingwa wa kuchonga watakuja kufundisha. Mtu mmoja tu. "Si lazima awe mwanafunzi," akasema. "Awe tu na mkono. Na kamati imeona hiyo yako." Fomu inafungwa Jumapili ya mwisho ya maonyesho, tarehe tano.

Si lazima awe mwanafunzi. Mong'ina ana miaka kumi na tisa. Amemaliza kidato cha nne, anasugua viboko vya watu.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amepanda ngazi kwa makosa, anatafuta lile duka la vitambaa. Alisema ametoka Ekerenyo. Alikuwa anageuka kushuka alipoiona sanamu. Akaweka mfuko wake chini. Akaiangalia muda mrefu, mkono mmoja kiunoni, kisha akasema si kwetu, kwa sanamu yenyewe, "Huyu mgongo inamuuma." Syprose akamwambia kwa furaha, mchongaji ndiye huyu hapa. Mama akanitazama toka viatu hadi nywele.

"Wewe umewahi kuinama hivi?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka tu kujua.

Nikasema ninamwona mama yangu. Akatikisa kichwa, akachukua mfuko wake. Sidhani aliniamini. Afadhali yupo mmoja asiyeniamini.

Jumatano, 24 Septemba

Mwalimu ametutuma tena makumbusho ya chuo, kila mtu achague kitu kimoja na kukiandikia kurasa mbili. Nimechagua kigoda. Kimeingia katikati kwa kukaliwa. Kadi yake inasema: Kigoda cha mzee. Mti. Mchongaji hajulikani.

Nimezunguka chumba kizima kusoma kadi. Hajulikani. Hajulikani. Mfinyanzi hajulikani. Nikaanza kuwakasirikia waliokusanya vitu hivi — mtu anabeba chungu kutoka nyumba ya mama fulani na haulizi hata jina! — hadi nikakumbuka ninayemkasirikia ni nani. Wao angalau waliacha nafasi wazi. Mtu akilijua jina, anaweza kuja kuliandika. Mimi nimeijaza.

Kurasa mbili sijaandika.

Ijumaa, 26 Septemba

Syprose amenipa fomu. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Nilipanda ngazi nikiwa na maneno tayari, nimeyapanga kama shahidi. Nikamkuta na watu wawili wa kamati, na mmoja akanishika mkono akasema wamefurahi sana kwamba kijana wa hapa hapa ana jicho la namna hii.

Nimeijaza. Jina langu, nambari ya kitambulisho changu. Sijairudisha. Iko ndani ya daftari hili, ukurasa wa nyuma.

Jumapili, 28 Septemba

Nimetoka nyumbani jioni hii. Nilikwenda kusema. Sikusema. Yote niliyoyafanya huko yamezidisha uongo.

Kumbe Mwalimu Okoth amempigia Tata kumwalika siku ya kufunga maonyesho! Kanisani jana, baada ya shule ya Sabato, mzee wa kanisa akasimama kutangaza kwamba kijana wa Osoro amewekewa sanamu na taa mjini. Watu walisema amina. Mama alivaa kilemba kipya. Tata hakunisifu kwa mdomo, si kawaida yake, lakini wakati wa chakula alinisogezea kidari cha kuku. Maishani mwangu sijawahi kupewa kidari na Tata. Nilikila. Kilinikwama mpaka nikapigwa mgongo.

Mong'ina alikuwa akigawa ugali. "Umechonga gani?" akaniuliza.

Nilikuwa na nafasi pale. Watu wanne mezani, wote wangu. Nikasema, "Kiboko."

"Kiboko?"

"Kiboko mkubwa."

Akacheka, na mimi nikacheka. Ananijua na viboko vyangu. "Basi wamekuwa na huruma," akasema. Halafu, polepole, Mama alipotoka kwenda jikoni: "Na ile yangu?" Nikasema iko kwa ofisi ya Mwalimu, salama. Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena. Heri angeuliza.

Alipokuwa akinawa niliiangalia mikono yake. Utotoni alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mama alimfunga kitambaa, shuleni wakamchapa, Tata akawa anakataa kupokea chochote kutoka mkono ule hadi abadilishe. Sasa anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, anasalimu kwa kulia. Ni kisu tu anachoshika kwa kushoto. Hilo najua mimi peke yangu, kwa sababu nilimchungulia Agosti.

Leo asubuhi jirani alileta twiga wa mawe waliochanganyika kwenye gunia, hajui ni nani kachonga yupi. Tata akawapindua mmoja mmoja, anatazama chini ya tumbo, katikati ya miguu, pale msasa usipofika. "Huyu ni Mogire, aliharakisha. Huyu ni wa kwangu. Huyu ni mtoto wa Mogire, anaogopa kisu." Hakukosea hata mmoja. Msasa unafuta kila kitu isipokuwa pembeni, husema, na pembeni ndipo mtu anapokaa.

Nilisimama nikimwangalia. Ananiambia atakuja Jumapili. Anataka kuona kiboko.

Jumatatu, 29 Septemba

Leo ni Jumatatu. Wanasugua.

Alhamisi, 2 Oktoba

Makori ameweka picha kwenye status yake. Mimi na sanamu, kadi inasomeka vizuri kabisa. Ameandika: "Boy wetu!" na mioto mitatu. Sikujua Mong'ina ana namba ya Makori. Kumbe alimtumia ujumbe mwezi uliopita kumuuliza kama walimu wetu wana kazi nyingi kweli.

Saa nne asubuhi imeingia meseji moja.

"Subira ni nani?"

Nimeandika majibu, nimefuta. Nimeandika tena, nimefuta. Nilipiga, hakushika. Nilipiga mara sita! Saa kumi na moja ikaingia ya pili: "Nitakuja na Tata Jumapili. Usiwaambie kitu."

Usiwaambie kitu — ananilinda, au ananingoja? Mong'ina si mtu wa kupiga kelele. Utotoni nikimvunjia kitu alikuwa anaviokota vipande, anaviweka kitandani pangu, vyote, anaondoka.

Nimekwenda kwa Mwalimu Okoth. Nilifika hadi mlangoni. Ndani alikuwa anamweleza mtu kwa simu juu ya mwanafunzi wake mmoja, mtoto wa mchongaji wa Tabaka, kwamba kazi kama hii inampa mwalimu nguvu ya kuamka asubuhi. Nikarudi na ngazi. Nina miaka ishirini na mbili na sina uti wa mgongo. Jiwe ninaloliangalia kila siku linao.

Ijumaa, 3 Oktoba

Syprose ameniambia ratiba ya Jumapili. Saa tisa mchongaji atachonga mbele ya wageni. Meza, jiwe, kila kitu kiko tayari. Mchongaji ni mimi! Nikamwambia nina kidonda kidoleni. Akanishika mkono akakiangalia. Hakuna kidonda.

"Ni uoga tu," akasema. "Itatoka."

Jumapili, 5 Oktoba

Niko ngazini, kwenye bomba la ukutani kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Maji yanatoka kama machozi ya mbuzi. Beseni ni kubwa. Nina muda, basi naandika, potelea mbali.

Walifika saa saba. Tata na koti lake la Sabato ingawa leo si Sabato, Mama na kilemba, Mong'ina na gauni la bluu. Alinisalimu vizuri, kwa mkono wa kulia. Macho yake sikuyapata. Niliwatembeza kwanza zile picha za ukutani, polepole, kila moja, nikieleza rangi ambazo hata mimi sizijui. Tata akasema, "Kiboko iko wapi?"

Kisha akaiona mwenyewe.

Hakuna aliyemwonyesha. Alikwenda moja kwa moja, akasimama. Mama akasema "yaya" ya mshangao kwa sauti ndogo, akajishika kiuno, na nikaona amejitambua. Mong'ina alisoma kadi. Aliisoma kwa sauti, kama mtoto anayesomeshwa: "Subira. Ondieki Osoro." Akanitazama kwa mara ya kwanza leo. "Nani ana subira?" akaniuliza. Hivyo tu. Kwa Kiswahili, mbele ya Syprose, ili kila mtu asikie na hakuna atakayeelewa isipokuwa mimi.

Ningesema hapo. Nilifungua mdomo. Mwalimu Okoth akafika na mikono miwili kumsalimu Tata, akamwita mzazi wa msanii.

Tata akaomba aishike. Syprose akasema, "Mzee wangu, huwa tunakataza wageni kugusa." Tata akamwambia, kwa heshima sana, "Mama, mimi si mgeni kwa jiwe." Syprose akamruhusu.

Tata akaibeba kama anavyobeba vyote, kiganja chini, kidole gumba juu. Akalamba kidole, akakipitisha mgongoni. Akaguna. Uso wake ulikuwa umefunguka, sijawahi kuuona hivyo, na akanitazama mimi kwa uso ule. Mimi! Nilitaka sakafu ipasuke. Halafu akaipindua.

Alitazama chini ya kwapa la yule mwanamke. Alitazama kati ya magoti na beseni, pale msasa usipofika. Akaisogeza dirishani. Akaitazama tena. Akaweka kidole kwenye zile alama na kuanza kuusogeza mkono wake wa kulia, kama anayechonga hewani, na mkono haukukubali. Akajaribu tena. Kisha akahamisha. Akausogeza wa kushoto, na ukaenda.

Galari ina watu thelathini na sikusikia hata mmoja. Aliirudisha mezani polepole, akaiweka sawa na taa. Aliutazama mkono wangu wa kulia, unaoshika daftari hili. Hakuutazama uso wangu. Sasa ndiyo naelewa kwamba uso ule alionipa dakika moja kabla, sitapewa tena.

Syprose akapiga makofi akasema ni saa tisa, mchongaji aje mezani. Watu wakageuka kwangu. Tata akatangulia. Akakaa kwenye meza ya kuchongea kana kwamba ni uani kwake, akatoa kisu chake mfukoni — hutembea nacho, kimefungwa kitambaa — akakifungua, akageuza mpini. Akamnyooshea Mong'ina.

Mama akasema, "Baba Ondieki." Tata akasema, "Tiga." Maana yake mwache, na tunajua sauti ile.

Mong'ina akanyoosha mkono wa kulia, kama tulivyofunzwa.

Tata hakukiachia. Alikishikilia tu. Mong'ina akavuta kidogo, Tata akashikilia. Walikaa hivyo, wawili, na kisu kati yao, na mimi nikaelewa kabla ya Mong'ina kile ambacho Tata anangoja. Anangoja ule mkono mwingine. Yeye aliyekuwa hapokei hata kikombe kutoka mkono ule.

Mwalimu Okoth akauliza kwani kuna nini, Ondieki si ndiye... Tata, bila kugeuka, akasema jiwe limekauka, haliwezi kuchongwa hivi, linataka maji. Syprose akasema atamtuma mtu. Mong'ina alikuwa ameshaanza kugeuka kwenda kuyaleta — miaka yote ni yeye!

"Wewe kaa," Tata akamwambia. "Ondieki ataleta maji."

Kwa hiyo niko hapa na beseni. Wakati natoka sikuthubutu kuangalia nyuma kama Mong'ina ameshakipokea kisu. Nyumbani, mwanamume hachukui beseni. Mama alinipisha njia mlangoni akiwa ameinamisha macho. Mwalimu Okoth bado anauliza, namsikia kutoka hapa, na hakuna anayemjibu. Wameniachia mimi nimjibu.

Fomu ilikuwa kwenye ukurasa wa nyuma. Nimeitoa. Syprose anaipokea hadi saa kumi. Nimekata jina langu, mstari mmoja, na juu yake nimeandika Mong'ina Osoro. Nambari ya kitambulisho chake siijui. Itabidi nimuulize. Itabidi nimuulize mbele ya wote, na nimwambie ni ya nini, na nianze na lile swali lake la kwanza kabisa, walisema aje.

Beseni limejaa, linamwagikia viatu vyangu. Juu kumekuwa kimya. Sasa nasikia kisu kikikwaruza jiwe.